Daftari la Mkulima Li Wapi Leo?

Hivi karibuni tulikuwa katika Kata ya Samuye, Wilaya ya Shinyanga, na mzee mmoja, mkulima wa pamba na dengu, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Alisema: "Wanangu, zamani nilipopeleka pamba yangu niliuona mshale wa mizani kwa macho yangu, nikamwona na karani akiandika katika daftari. Akiandika vibaya, tuligombana hapo hapo. Sasa karani anabonyeza-bonyeza, mimi naambiwa niende nyumbani nikangoje fedha. Daftari langu li wapi?"

Vijana wawili watatu waliokuwapo walicheka, kama watu wachekavyo mzee asiyejua mambo ya kisasa. Sisi hatukucheka. Tunaona kwamba swali lile lapaswa kuulizwa katika kila ofisi ya ushirika, kila duka la jumla, kila kiwanda cha kuchambua pamba na kila kampuni inayojigamba kwamba imetupa makaratasi na kuhamia katika kompyuta.

Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa maana ya kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati nchi hii ya huku ikiitwa Jimbo la Ziwa, wanunuzi wa pamba walikuwa na mizani yao, na mkulima hakuwa na kitu ila macho yake. Mizani ilichezewa. Wakulima hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, nao wakapima mzigo upya ili ijulikane kama mnunuzi amesema kweli. Kutokana na juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vilichipuka vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaandikishwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kujulikana Afrika nzima. Ushirika wa pamba wa huku, basi, haukuzaliwa na bei peke yake. Ulizaliwa na swali la nani ashike kumbukumbu za mkulima, na nani amkague mshikaji.

Wala hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1966 iliundwa Kamati maalumu ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na miongoni mwa maovu iliyoyakuta ni udanganyifu wa baadhi ya watumishi, na wanachama kutoelewa mambo ya chama chao wenyewe. Mwizi wa kwanza alikuwa mgeni mwenye mizani. Mwizi wa pili alikuwa ndugu yetu mwenye kalamu.

Leo kalamu imekuwa simu na kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, uitwao MUVU. Dengu za mkoa huu zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani, na mnada wake ukafanyika katika mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambako mnunuzi aliye mbali hutaja bei yake bila kukanyaga ghala. Ili mambo hayo yaende, ni lazima mahali fulani paandikwe jina la mkulima, kilo alizoleta, namba yake ya simu au ya akaunti ya benki, na mara nyingi namba ya kitambulisho chake cha Taifa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Fedha iliyoingia benki au katika simu haiporwi njiani usiku, na mnada uonekanao na wengi ni bora kuliko bei ya kunong'onezwa nyuma ya ghala. Lakini yatupasa tufahamu kitu gani kimehama. Mtu anayebadilisha tarakimu moja tu katika namba ya simu ya mkulima amekwisha kuiba magunia yake yote bila kunyanyua hata moja, na mkulima hatajua mpaka wenzake waanze kununua bati.

Sheria imeliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa maneno yetu wenyewe, inasema hivi: anayekusanya habari za mtu azikusanye kwa kusudi linalojulikana na halali, asichukue zaidi ya anachohitaji, ahakikishe ni sahihi, asizikalie milele baada ya kazi kwisha, na azilinde. Mwenye habari zake anayo haki ya kuuliza mmeandika nini juu yangu, na kutaka kosa lisahihishwe. Wakusanyaji na wachakataji wote hawana budi kujiandikisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ulinzi ukivunjwa wanapaswa kuiarifu Tume hiyo bila kukawia. Mtu anayetoa habari hizo kinyume cha Sheria aweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Na kampuni faini yake ni kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Tume hiyo tarehe 3 Aprili 2024, alitaka taasisi zote, za umma na za watu binafsi, ziwe zimejiandikisha kabla ya mwaka ule kwisha. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kulifanya kosa la jinai tendo la kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini.

Hakuna mahali sheria hizi ziliposema kwamba zinawahusu wenye majumba ya ghorofa Dar es Salaam peke yao. Chama chenye wakulima mia mbili katika daftari lake la kompyuta ni mkusanyaji. Zahanati ya mtu binafsi ni mkusanyaji. Mwenye nyumba ya wageni anayepiga picha vitambulisho vya wasafiri kwa simu yake, naye pia.

Basi kumezuka mtindo ambao twaona ni wa hatari kuliko ujinga wenyewe. Watu wanakimbilia cheti. Wanamlipa mjuzi wa mjini, anawaandikia kanuni za kurasa arobaini kwa lugha ambayo hata meneja haisomi, fomu zinajazwa, cheti kinakuja, kinawekwa kioo na kutundikwa juu ya kiti cha mkubwa. Siku ya pili yake mambo yanaendelea kama jana. Tunawauliza wenye mtindo huo: je, mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo ni ya haki ikiwa mpimaji ameweka kidole gumba juu yake? Muhuri wathibitisha kwamba siku ile ya ukaguzi mizani ilikuwa sawa. Hauwezi kumzuia mpimaji kesho.

Katika ofisi moja ya biashara tuliyopata kuingia, katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita, nayo hatutaitaja, tulikuta mlango wa chuma, kufuli mbili na mlinzi mwenye rungu. Ndani, juu ya kalenda ya ukutani, neno la siri la kompyuta lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake namba ya siri ya simu ambayo fedha zote za biashara hupitia. Mteja yeyote aliyekaa katika benchi aliweza kusoma. Tukaambiwa pia kwamba karani aliyeacha kazi mwaka uliotangulia bado jina lake hufungua mfumo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifuta, na kwamba waliobaki hulitumia jina hilo wakati mtandao unaposumbua. Tulipouliza kwa nini, tulijibiwa kwa tabasamu: "Hapa sisi sote ni familia."

Familia! Neno hili limeangusha maduka mengi kuliko moto. Watu wanne wanapotumia jina moja na neno moja la siri, siku fedha itakapopotea hakuna atakayeweza kuonyesha ni nani aliyeitoa. Mwizi atafichwa na watatu walio waaminifu, na waaminifu watatu watalala rumande pamoja na mwizi. Kwa hiyo tunapowaambia wafanyakazi kila mmoja awe na jina lake na siri yake, hatuwaambii kwa sababu tunawashuku. Siri yako ni shahidi wako. Mkubwa anayekulazimisha kumpa neno lako la siri ili "akamilishe kazi" usiku wakati wewe u nyumbani, anakutaka uweke sahihi katika karatasi usiyoiona.

Wengi hudhani kwamba hatari ya kompyuta ni kijana wa mbali, katika nchi ya ng'ambo, asiyelala. Yupo, hatukatai. Lakini tazama yaliyotokea kwa jirani zetu wa Uganda. Mwezi Novemba 2024 Serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba akaunti zake katika Benki Kuu ziliingiliwa na fedha zikatoka, na habari za kwanza zilisema ni wezi wa mtandao kutoka nchi za mbali. Mapema mwaka 2025 waliofikishwa mahakamani walikuwa maofisa wa Wizara ya Fedha yenyewe. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, nasi hatumhukumu mtu. Tunachosema ni kwamba wapelelezi walipotafuta nyayo, walianza kuzitafuta ndani ya nyumba.

Hata pale mwizi anapotoka mbali kweli kweli, anayemsaidia ni uzembe wa karibu. Mwezi Februari 2016 wezi waliokuwa wamekwisha kuingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo New York, ili zihamishwe dola karibu milioni 951 za nchi ile. Mashine ya kuchapa ambayo kazi yake ilikuwa kutoa karatasi ya kila agizo ikanyamaza. Watumishi wakaona ni ubovu wa kawaida, maana mashine kuharibika si ajabu, na siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko huko. Dola milioni 81 zikaenda Ufilipino. Dola milioni 20 nyingine, zilizokuwa zikielekea Sri Lanka, ziliokoka kwa sababu ya neno moja lililoandikwa vibaya katika jina la mpokeaji. Mtumishi wa benki nyingine iliyokuwa njiani aliliona, akauliza. Fedha hizo hazikuokolewa na mitambo ya thamani, bali na mtu mmoja aliyesoma agizo kwa makini akakataa kuona haya kuuliza.

Huku kwetu mali hizo si za benki kuu. Geita lilifunguliwa soko la dhahabu mwezi Machi 2019, na biashara iliyokuwa ikifanywa gizani ikapata mahali pa wazi na vitabu vya Serikali. Mnunuzi wa dhahabu huifungia dhahabu yake katika kasiki. Lakini simu iliyo na majina ya wachimbaji wanaomletea, bei aliyompa kila mmoja na siku atakayosafiri na mzigo, anamwachia kijana wa dukani aangalie mpira. Mwenye kuijua siku ya safari hana haja ya kuvunja kasiki. Katika mambo ya namna hii, habari iliyovuja haipotezi fedha tu. Yaweza kumwua mtu barabarani.

Na tuje kwa wafanyakazi, ambao wengi wao wanasoma haya mshahara ukiwa umekwisha kukatwa. Mnazifahamu zile programu za mikopo ya simu, ambazo watu wameziweka katika fungu moja na mikopo ya kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandao zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Ubaya wao haukuwa riba peke yake. Mkopaji, akiwa na haraka ya ada ya mtoto, alibonyeza "nakubali" bila kusoma, na kwa kubonyeza kule akaifungua orodha yote ya majina iliyomo katika simu yake. Alipochelewa siku mbili, ujumbe wa kumwaibisha ukatumwa kwa msimamizi wake wa kazi, kwa jirani, na kwa mkwewe. Anayejua heshima ya ukwe katika Usukuma ataelewa kwamba kuna watu waliolipa mara tatu ili tu ujumbe ule usifike. Hao majirani na wakwe hawakukopa kitu, hawakukubali kitu. Namba zao zilichukuliwa kutoka mfukoni mwa mwingine. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba habari za mtu si za kuchezea.

Tumesikia pia hoja ya wale wasemao: "Sisi ni wadogo, hatuna fedha za kuajiri mtaalamu." Hoja hii ina ukweli nusu. Fedha ni kidogo, kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji fedha, yahitaji viongozi wakae saa mbili na kusema kweli mbele ya wenzao. Wajiulize: tunahifadhi habari gani za watu, na ziko wapi hasa, katika kompyuta ile, katika simu ya katibu, au katika kikasha cha makaratasi kilichowekwa stoo? Nani anazigusa? Ni ipi ambayo ikipotea leo, kesho hatuwezi kufungua mlango? Ni ipi ambayo ikijulikana, mtu ataumia? Wakikwisha kujibu, waanze na lile ambalo laweza kutokea kwa urahisi na kuumiza sana, si lile linalopendeza kwa wageni. Yuko mfanya biashara mmoja aliyetuonyesha kwa fahari kamera zake nne mpya. Tulipomwuliza nakala ya hesabu zake iko wapi, alituonyesha kompyuta ile ile iliyo chini ya kamera. Radi ikipiga, na huku radi si mgeni, kamera zitapata picha nzuri ya hasara.

Katika chama cha ushirika, tukipewa nafasi ya kuchagua jambo moja tu, tutachagua hili: anayeandika orodha ya malipo asiwe yeye anayeidhinisha malipo, na kati ya wawili hao orodha isomwe kwa sauti, au ibandikwe kwa namna ambayo kila mkulima anaona kilo zake bila namba yake ya simu kuanikwa kwa kila mpita njia. Hili si jambo jipya. Ni wale wale wapimaji wa miaka ya 1950, wamevaa nguo nyingine. Na namba ya mkulima inapobadilishwa, mkulima awepo, aombwe kitambulisho, aweke sahihi au dole. Usumbufu? Ndiyo. Hata kupima mara ya pili kulikuwa usumbufu, na wanunuzi wa zamani hawakukupenda.

Kila mwananchi naye ana sehemu yake ndogo. Tangu laini za simu ziandikishwe kwa alama za vidole, na zile zisizoandikishwa kuanza kufungwa tarehe 20 Januari 2020, laini iliyo katika jina lako ni kama sahihi yako. Wako mawakala wasio waaminifu waliowaambia watu "weka tena kidole, mashine haijasoma," kumbe wanaandikisha laini ya pili kwa ajili ya matapeli. Mtu aweza kubonyeza *106# akaona laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake; na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" aweza kuupeleka 15040 pamoja na namba ya tapeli, badala ya kuufuta na kumwachia jirani aliwe.

Turudi Samuye. Baada ya swali lake mzee hakuridhika na kimya chetu. Aliinuka akaenda hadi kwenye meza ya karani, nasi tukamfuata. Karani alikuwa binti mdogo, mwenye adabu. "Shikamoo babu," alisema. "Marahaba. Nataka kuliona daftari langu." Yule binti hakukasirika wala hakumwambia arudi kesho. Alitafuta jina, akaugeuza uso wa kompyuta kidogo ili mzee aone mstari wake peke yake, akamsomea: jina, kitongoji, kilo, namba ya simu. Mzee akamsimamisha. Namba ile ilikuwa laini ya mwanawe, aliyoitoa mwenyewe misimu miwili nyuma kabla hajawa na simu yake. Kijana alikwenda Kahama kutafuta kazi, laini akaiacha ikafungwa. Hakuna aliyejua kama kampuni ya simu imekwisha kumpa mtu mwingine namba hiyo.

Karani alikitaka kitambulisho, akaandika namba mpya, akamwita mwenzake wa meza ya pili aihakikishe, kisha akatoa karatasi na kidau cha wino. Mzee akaweka dole gumba lake taratibu, akalifuta kwenye suruali, akauliza kama dengu za mkewe nazo zimeandikwa kwa namba ya nani. Nyuma yake, katika mstari, watu waliacha kuzungumza juu ya mvua. Mama mmoja aliyembeba mtoto alisogea mbele akasema, "Na mimi nisomee wangu."